Nilikubali Kubaki Masjala, Sasa Natamani Darasa

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie, maana barua hii nimeirudia mara tatu nikiogopa kwamba hata wewe utanigombeza.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, na likizo iliyopita nilipelekwa mafunzo kwa vitendo katika masjala ya ofisi moja, kazi yangu kufungua majalada, kuyapa namba na kuyapeleka kwa wakubwa, na siku ya mwisho nilipokwenda kumuaga mkuu wa masjala alicheka, akasema, "Uage uende wapi, binti? Mikono kama hii hatuiachii," nami kwa woga na kwa furaha, maana sijawahi kusifiwa hivyo, nikaitikia, "Sawa, mzee," bila kumwambia kwamba chuo kinafunguliwa Jumatatu. Hii ni wiki ya saba. Mkuu anadhani nimemaliza masomo, mama anawaambia majirani mwanawe ana ofisi, nami nachomoka mchana kuwahi kipindi kimoja, narudi nikihema, najisomea nimesimama katikati ya rafu, ukurasa mmoja mara nne, na sishiki kitu.

Wiki iliyopita tulikuwa na jaribio, nikaingia nimechelewa, nikaandika mbiombio, nikakabidhi nikaondoka. Jana mwalimu akainua karatasi moja mbele ya darasa: "Jamani, hili jalada ni la nani?" Kumbe mahali pa namba yangu ya usajili nilikuwa nimeandika namba ya jalada, na chini ya jibu la mwisho, kama ninavyomwandikia mkuu kila siku, "Naomba maelekezo," na sahihi juu yake. Darasa likaangua kicheko. Rafiki yangu niliyekaa naye tangu mwaka wa kwanza akasema, "La mgeni rasmi huyo, amekuja kutukagua." Nilicheka nao, kisha nikaenda kulia chooni. Mwalimu alinifuata nje akaniambia taratibu, "Ukikosa vipindi viwili tena, mwanangu, mtihani hufanyi."

Nawatamani wenzangu wa darasani, mshauri. Natamani kubishana nao juu ya swali moja mpaka mkutubi atufukuze, natamani kukifikisha kitabu mwisho, na nikipita nje ya darasa nikasikia viti vikiburutwa, najiona kama mtu aliyehama nyumba aliyoipenda na sasa anachungulia dirishani. Lakini nikiondoka masjala, nafasi itanisubiri? Na mama nitamwambia nini?

Karani Mwoga

*

Karani,

Pole, mdogo wangu. Kurudia ukurasa mara nne si uzembe, ni kichwa kilichochoka. Hapo nakuhurumia.

Hapa sasa nakugombeza. Nani amekufungia huko masjala? Huyo mzee hajui kama una chuo! Umemficha, halafu unamwogopa kwa ubaya ambao hajakutendea. Na nafasi ipi unayoihofia? Umesifiwa mikono, hujapewa barua ya ajira.

Kesho asubuhi, kabla hujagusa jalada lolote, mpelekee barua ya mistari mitano: chuo kimefunguliwa tarehe fulani, ulikosea kutosema, mwisho wako ni Ijumaa, na unaomba kurudi likizo. Usiongeze maelezo, utajikuta umekubali tena. Akinuna, anune. Yeye atapata mwingine wa kubeba majalada. Wewe mwaka wa tatu mwingine utautoa wapi?

Ukitoka hapo, mwone mwalimu. Mtu aliyekufuata mpaka nje hajakukatia tamaa. Kisha nenda kwa mshauri wa wanafunzi chuoni, umweleze habari za kusoma bila kushika na za kulia chooni. Mweleze yote, usimpunguzie.

Mama mwambie leo hii, kabla hajasikia kwa majirani. Atasononeka, pengine atakununia siku mbili. Mpikie, mkalie karibu, lakini usibadili neno.

Halafu nenda kipindini, hata kikiwa kimefika nusu. Gonga, ingia, kaa. Watakucheka tena. Waache wakucheke ukiwa umeshaketi.