Gauni la Kukulia

Jumatatu, 3 Machi

Chembe sasa hivi kaingiza kichwa kwenye mkono wa gauni, kakwama. Miguu inarusharusha, sauti inatokea ndani ya kitambaa: "Mama, nimepotea!" Nimecheka mpaka machozi. Nikamchomoa, naye akacheka — halafu kikohozi kikamkata. Kile kile. Wiki ya saba sasa. Kikipita ananyamaza, mkono kifuani, kama mtu anayesikiliza kama hodi itapigwa tena.

Magauni yenyewe si yetu, ni ya hospitali. Kazi yangu ya kwanza kubwa tangu waniweke hapa chumba cha kushonea. Magauni kumi na nane ya wagonjwa wa eksirei! Hayana kifungo wala zipu, ni kamba tu, maana chuma chochote kinatokea kwenye picha. Saizi sita, kila saizi na rangi yake. Tatu za wakubwa, tatu za watoto. Mzee wa eksirei ndiye aliyetaka rangi.

Mzee huyo wanamwita Babu Giza, kwa sababu nusu ya siku yuko kwenye chumba cha giza anasafisha picha. Si mtu wa maneno. Leo kashika mshono wangu, kaugeuza, kasema umenyooka. Basi! Nimerudi kwenye cherehani sikanyagi chini.

Jumatano, 5 Machi

Nimeona. Sijui hata nianzie wapi.

Nilipeleka magauni, Babu Giza akaniacha nisimame naye nyuma ya kioo kizito. Kwanza aliingia mpagazi wa sokoni, kifua kama mlango wa ghala. Babu Giza akazungusha swichi mbili kwenda juu. Akaja mama mmoja, mifupa na ngozi. Swichi zikarudi chini, chini kabisa. Nikauliza, kwani mashine si ile ile? Naye akanirudishia swali: mimi nikishona turubai na nikishona shela, sindano ni namba moja?

Jamani! Nikaelewa pale pale. Sindano nene inatoboa shela matundu, nyembamba inavunjikia kwenye turubai. Na mwanga wake ni vivyo hivyo. Ukiwa haba kwa mtu mnene, haupenyi, picha inatoka nyeupe kama ukungu. Ukizidi kwa mwembamba, picha inaungua — nyeusi tii, huoni kitu.

Halafu akatoka gizani na picha ya yule mama, bado inachuruzika maji. Mbavu zake zote! Na moyo. Nilidhani moyo una umbo lile la kwenye kadi. Hauna. Ni kama kifuko kilichojaa, kimeinama upande. Yule mama alikuwa nje kwenye benchi, anafunga viatu, hajui kama nimeuona moyo wake. Nilitamani kumwamkia mara ya pili.

Mzee ananieleza kwamba zamani alikuwa na kipimo cha mbao cha kupimia unene wa kifua. Kilivunjika, kingine hakijaletwa, foleni ndefu, anakisia kwa macho. Sasa kapata njia: amebandika ukutani vipande vya vitambaa vyangu, kila rangi na namba zake za mashine. Mgonjwa akivaa rangi, yeye anasoma namba. Mimi niliyeishia darasa la sita, vitambaa vyangu viko ukutani vinaiambia mashine la kufanya!

Alhamisi, 6 Machi

Daktari kamsikiliza Chembe mbele na nyuma. Muda mrefu upande wa kulia. Hakutaja ugonjwa. Eksirei kesho.

Mama mkwe hataki. Anasema mwanga gani huo wa kumpitia mtoto kama jua dirishani, na mtoto mwenyewe kivuli chake hakitoshi hata kuku kujikinga jua. Nikamwambia, mama, bora kinachomsumbua kionekane kuliko tukae tunakisia. Akaguna. Lakini usiku kamfunika mara mbili.

Ijumaa, 7 Machi

Imeungua.

Chembe alivaa gauni la kijani, saizi ya miaka minne, maana ana minne. Babu Giza akatazama ukutani, akasoma namba za kijani, akapiga. Picha ikatoka nyeusi. Tukaishika dirishani — mifupa inaonekana kwa mbali, kama fito za uzio usiku, mapafu yamemezwa. Daktari kairudisha. Hasomi kitu. Chembe kaitazama, kauliza, "Mimi ndani kumekucha au bado?"

Babu Giza kakaa kwenye kiti. Kamtazama mtoto, katazama gauni. Akainuka, akalikusanya kwa nyuma, likajaa ngumi nzima. Akasema humu wangeenea wawili.

Ndipo nilipojua. Magauni ya watoto nimeyashona kama mama anavyoshona — na nafasi ya kukulia! Nani amewahi kumshonea mtoto nguo ya leo peke yake? Mkono umeachia wenyewe, sikuwaza. Lakini gauni la hospitali anakua nalo nani? Saizi ya chini yake ndiyo ingemfaa wangu, naye nimemvisha ya juu kwa kuhesabu miaka. Mtoto niliyempa jina la chembe kwa udogo wake!

Nilitaka ardhi inimeze. Mzee hakunigombeza. Alisema nguo haipigwi picha, kinachopigwa ni kifua, na aliyesoma kazi hii ni yeye si mimi. Akabandua vitambaa vyangu ukutani, kimoja kimoja, taratibu, kama mtu anayetoa plasta kwenye kidonda cha mtoto. Akapekua picha za wiki hii. Za watoto wawili wengine nazo zimekolea weusi, ila zinasomeka.

Ya wangu lazima irudiwe. Na kurudia ni kumpitishia mwanga tena. Mzee anasema hilo halifanyi kwa kukisia, asilani. Turudi Jumatatu, tukiwa na kipimo.

Chembe hajala. Kakohoa hadi kalala.

Jumamosi, 8 Machi

Asubuhi nimemfuata Babu Giza na tepu yangu. Nikamwambia, nimempima kifua mtoto, sentimita arobaini na nane. Nikajiona nimemaliza! Akatikisa kichwa. Tepu yako inazunguka, kasema, mwanga hauzunguki, unapita. Anataka kujua kutoka mgongoni mpaka kifuani ni umbali gani. Miaka yote nawapima watu mzunguko, sikuwahi kujiuliza wana unene gani kwenda mbele!

Nikarudi kwenye cherehani, nimeinama, sina wazo. Macho yakaangukia skwea — ile rula ya mbao yenye kona. Nikaazima ya pili kwa mwenzangu. Nikazigeuza zitazamane, moja iteleze juu ya nyingine, nikafunga na utepe wa lastiki. Mkono mmoja wa rula mgongoni, mwingine kifuani, katikati unasoma namba. Babu Giza kaitazama, kajipima mwenyewe, kapima mlango, kapima kitabu, kila kitu kaangalia tena kwa rula nyingine. Kisha akaniambia: "Fundi." Neno hilo tu. Yeye, kuniita mimi fundi!

Chembe ni sentimita kumi na moja. Namba za kijani aliziandika kwa kifua cha kumi na tano. Vidole vyangu viwili tu, tofauti yake. Vidole viwili ndivyo vilivyofunika kila kitu.

Nyumbani nimewapima wote. Mama mkwe alikataa, akasema yeye si gunia. Baadaye kaja mwenyewe na kujifanya anatafuta uzi. "Haya, ngapi?" Kumi na tisa, mama. Akajishika kifua. "Unaona? Sijaisha bado."

Jumatatu, 10 Machi

Naandikia kwenye benchi, nje ya mlango wa Daktari. Chembe amelala mapajani kwangu, kanichosha mkono, naandika na daftari juu ya mgongo wake.

Picha imepigwa. Bila gauni, kifua wazi. Mzee kapima mara mbili: kumi na moja, kumi na moja. Kashusha swichi. Mimi nimevaa aproni nzito ya kuzuia mwanga, nimemshika mikono juu, naye analia kwa nguvu zote. Nikadhani Babu Giza atangoja anyamaze. Kumbe anangoja pale mtoto anapovuta pumzi ili alie tena, kifua kikijaa. Mara moja — tak. Basi!

Akatoka gizani na picha, maji yanadondoka kwenye viatu vyake. Akaiinua dirishani.

Ee Mungu wangu. Mbavu nyembamba kama meno ya kitana, zimepangwa kulia na kushoto sawasawa. Mapafu yana vijitawi, vinazidi kuwa vyembamba mpaka vinapotea. Na moyo wake, mdogo, umejilalia. Mimi siwezi kukata hata kola bila karatasi ya mfano. Huyu nilimshona bila mfano, bila tepu, nikifua na kupika na kusinzia. Na hakuna mshono uliopinda! Nilisahau hata kuogopa.

Kisha nikaona. Kulia, chini, doa jeupe. Kama kifungo cha shati. Ijumaa lilikuwepo, weusi ukalifunika.

Nikamuuliza mzee ni nini. Kasema kusoma si kazi yake. Kazi yake ni kilichomo kionekane. Kimeonekana. Lakini alipopita na picha kwenda kwa Daktari, mkono wake ulimgusa Chembe kichwani.

Mlango uko wazi nusu. Picha imewashiwa taa, kidole cha Daktari kimesimama palepale kulia, chini. Hajasema irudiwe. Kamuuliza Babu Giza swali, mzee kaonyesha skwea. Sasa kavuta karatasi ya dawa. Anaandika. Bado anaandika. Nadhani mtu haandiki mistari mingi namna hii kwa kitu kisicho na — Babu Giza kachungulia, "Mama Chembe, ingia, njoo naye hivyo hivyo, usimwamshe" — naja, mzee, ngoja niandike hili tu, kwamba kifua chake hivi sasa chini ya daftari kinapanda na