Jina la Bibi Somoe

Jumatatu, 4 Agosti

Kaniki sita zimekwisha. Ya saba inangoja upindo. Cherehani inakata uzi tangu asubuhi, nimebadilisha sindano mara mbili. Mteja wa sare za shule amekuja tena. Nimemwambia kesho. Ameondoka amenuna.

Kaniki ni za onyesho letu. Tuko wanawake saba. Aliyetukusanya ni Mwalimu Neema, mtu wa Iringa, anafundisha sekondari hapa mjini mwaka wa tisa sasa. Jumamosi ya tarehe 16 tutakaa kwenye mikeka katika kiwanja cha karibu na soko. Kila mmoja atataja jina la mwanamke aliyeitwa mchawi akafukuzwa au akauawa, kisha atanyolewa kichwa mbele ya watu, kama walivyonyolewa wao. Hakuna ngoma, hakuna hotuba. Jina, wembe, kimya.

Mimi nitamtaja Bibi Somoe, mama yake baba. Nilikuwa na miaka sita walipomwondoa kijijini. Nakumbuka kichwa chake kinang'aa juani. Nakumbuka hakulia. Zaidi ya hapo sina kitu.

Sijamwambia Mama.

Alhamisi, 7 Agosti

Mazoezi mtaa wa Ufukoni, uani kwa Fatu. Fatu anauza samaki wa kukaanga na ndiye atakayetunyoa. Anashika wembe kama anayepaa samaki. Tumecheka mpaka tukaambiwa tunyamaze.

Kukaa dakika ishirini bila kujikuna si mchezo. Goti langu lilikufa ganzi.

Mwalimu Neema amerudia sharti lake: jina la marehemu tu. Tusitaje kijiji, wala nyumba, wala ndugu walio hai. Alisema waliobaki wanaishi palepale, na majirani ni walewale. Halafu akauliza kama kila mtu ameomba ruhusa kwa familia yake. Wote wakasema ndiyo. Na mimi nikasema ndiyo.

Nimedanganya.

Jumapili, 10 Agosti

Nimetoka kijijini. 

Nilipanda gari mpaka Ziwani, kisha pikipiki. Nilimkuta Mama anafagia chini ya mikorosho. Ameinama zaidi ya mwezi uliopita. Macho yake mekundu kwa moshi wa kuni, miaka yote yako hivyo. Anaishi peke yake tangu Baba afariki, na kila nikimwambia ahamie kwangu mjini, Rahaleo, anasema mikorosho haitajipalilia.

Tulikula ugali wa mhogo na mbaazi. Nikamweleza. Alisikiliza ameinamisha kichwa, hakuniuliza chochote isipokuwa kama watu watacheka. Nikasema hapana. Akawa anaokota punje za mbaazi kwenye mkeka, moja moja. Ndipo akaniambia.

Mwaka ule mdogo wangu alifariki. Rashidi, miezi minane. Siku chache baadaye walikuja lambalamba, wale wanaozunguka vijijini wakidai kufichua wachawi. Walikusanya watu wakauliza nani anamshuku nani. Mimi siku zote nilijua kwamba kijiji ndicho kilimwonyesha Bibi. Ndivyo tulivyosema nyumbani. Kijiji.

"Ni mimi nilintaja," Mama akasema. "Hakunilazimisha ntu. Ntoto alikuwa na homa tu, na nkwe wangu ndiye aliyembeba siku ile. Nilitaka awepo wa kulaumiwa."

Wakamnyoa Bibi palepale. Kesho yake wakampeleka mtoni Ruvuma, wakampandisha mtumbwi kwenda ng'ambo, Msumbiji, alikokuwa na ndugu wa mbali. Hatukusikia habari zake tena. Baba hakumuuliza Mama neno. Alikula chakula cha Mama mpaka anakufa, na hakuwahi kumuuliza.

Nilisimama nikaondoka. Sikumuaga. Nilitembea mpaka barabarani kwa miguu.

Jumanne, 12 Agosti

Sijashona. Mama amepiga simu mara tatu. Sijapokea.

Miaka yote nimelichukia kundi la watu. Mwenyekiti wa wakati ule, wazee wa msikitini, wanawake waliosimama wakatazama. Kumbe ni huyuhuyu aliyenifundisha kutia uzi kwenye sindano. Huyuhuyu aliyekuwa akinilaza mapajani akinisuka.

Nimemweleza Mwalimu Neema. Amesema naweza kujitoa, hakuna atakayenilaumu, au nichukue jina jingine. Nimekataa.

Sehemu ya moyo wangu inataka Mama asikie na aumie. Naandika hapa kwa kuwa siwezi kumwambia mtu.

Jumamosi, 16 Agosti

Tumefanya.

Jua kali. Watu wengi kuliko tulivyodhani. Wauza mboga waliacha meza zao, waendesha bajaji wakazima injini. Mwanzoni vijana walicheka na kutupiga picha kwa simu. Fatu alipomnyoa wa kwanza, kicheko kikapungua. Wa tatu, kikaisha.

Mimi nilikuwa wa tano. Nilitakiwa kusema maneno matatu tu: Somoe binti Athumani. Nikayasema. Wembe ulikuwa haujanigusa. Nikaendelea. Nikataja kijiji. Nikasema, "Wa nyumba ya Zainabu."

Zainabu ni Mama.

Sikuteleza ulimi. Nilijua ninachosema. Nilimwona Mwalimu Neema akiinua kichwa upande wa pili wa kiwanja. Fatu alisita, kisha akaanza kunyoa. Nywele zikaanguka mapajani, nyingine na mvi, sikujua ninazo mvi nyingi hivyo.

Mzee mmoja alivua kofia yake. Mama mmoja anayeuza ming'oko, vile viazi vya porini, alikuwa analia waziwazi, ungo bado kichwani. Mwishoni watu walipiga makofi. Wanawake nisiowajua walinikumbatia, wakanipa maji.

Nilijisikia mwepesi. Hiyo ndiyo kweli. Nilirudi nyumbani nikalala mchana kama mtoto.

Jumatano, 20 Agosti

Video yetu iko kila mahali. Mteja wa sare ameniona kwenye simu ya dada yake, leo hakununa, amenipongeza.

Mchana alipiga Mwanahawa, mtoto wa shangazi yangu, jirani wa Mama. Video imefika kijijini. Watu hawakusikia tulichosema. Walisikia "nyumba ya Zainabu". Wanasema basi mkwe alimrithisha mkaza mwana, uchawi haukuvuka mto, ulibaki. Na nyumba ya tatu kutoka kwa Mama kuna mtoto ana degedege. Kuna waliokwenda kuwaita lambalamba. Mwanahawa alisema nije nimchukue Mama.

Nilisema nitakuja Ijumaa, nimalize sare kwanza.

Ijumaa, 22 Agosti

Nimechelewa kwa siku moja.

Mama alikuwa amekaa kibarazani, kitenge kimefunika kichwa chote. Hakusimama kunipokea. Nilimfunua mwenyewe. Wamemnyoa vibaya, kwa haraka, mafungu mafungu. Ana mikato mitatu, mmoja nyuma ya sikio umevimba. Damu imekaukia kwenye ukosi wa gauni.

Nilishika kichwa chake kwa mikono miwili. Ni kidogo. Sikujua kichwa cha Mama ni kidogo hivyo.

Mwanahawa alinieleza yote jikoni. Walikuja jana alasiri, watu kama thelathini, wengine ni watoto aliowapokea Mama mwenyewe wakizaliwa. Mwanahawa aliwazuia wakamsukuma. Lakini Mama hakuburutwa. Walimwita, akatoka. Akavua mtandio wake mwenyewe akaukunja, akauweka juu ya kinu. Akakaa chini. Wakamnywesha dawa yao, akatapika. Halafu wakaondoka.

Yule mtoto alikuwa ameshapelekwa zahanati tangu asubuhi. Malaria. Anaendelea vizuri.

Nilimuuliza Mama kwa nini hakukimbilia kwa Mwanahawa kabla hawajafika.

"Nimewangoja miaka mingi, mwanangu," akasema.

Tumeondoka na mkoba mmoja na msala wake. Kuku wamebaki kwa Mwanahawa. Tulipita nyumba nane mpaka barabarani. Hakuna aliyetoka kutuaga. Milango ilikuwa wazi, niliwaona ndani wamekaa.

Jumatatu, 25 Agosti

Hospitali. Wamemsafisha vidonda, wamemchoma sindano ya pepopunda. Nesi alitutazama sote wawili, vipara viwili, akauliza kama tuna msiba. Nikasema ndiyo.

Kisha polisi. Askari aliyeandika maelezo alikuwa na adabu, alimwita Mama "bibi", akamletea kiti chenye mto. Alisema hao lambalamba wamepigwa marufuku na watawakamata, lakini anahitaji majina. Nani aliwaita, nani alishika wembe. Mama anawajua wote.

"Sitaji ntu tena," akasema.

Askari alimbembeleza. Mimi nilimbembeleza, baadaye nikapandisha sauti, mbele ya watu, mpaka askari akaniomba nitoke nje nikapumzike. Nilisimama kwenye jua nikiwa nimekasirika hata nikashindwa kulia. Nilipoingia tena, karatasi haikuwa na hata jina moja.



Jumanne, 26 Agosti

Nimemwambia. Nilikuwa namkanda miguu, hivyo sikuhitaji kumtazama usoni. Nilisema kwamba tulikuwa na sharti na nililivunja. Nilisema sikukosea, nilikusudia, nilitaka asikie.

Mama alimtaja mkwe wake. Mimi nikamtaja Mama. Yeye alikuwa na miaka ishirini na kitu na ametoka kuzika mtoto. Mimi nina arobaini na minne, na sikuwa na msiba wowote. Nilikuwa na hasira tu.

Alisema alishajua. Mwanahawa alimwonyesha video kwenye simu, siku moja kabla ya wale watu kuja. Aliomba arudishiwe ile sehemu yangu mara mbili.

"Ulilitamka vizuri jina lake," akasema. "Kule kwetu hakuna aliyelitamka tangu siku ile."

Kisha akaniomba nimshushie miguu chini, imechoka.

Afadhali angenipiga.

Jumamosi, 30 Agosti

Mwalimu Neema amekuja na machungwa. Alikaa ukingoni mwa kiti. Alimwamkia Mama kwa kupiga goti, nadhani ndivyo wanavyofanya kwao. Mama akamwitikia vizuri, akamuuliza habari za wanafunzi.

Nje, kwenye ngazi, Mwalimu Neema alilia. Alisema angeweza kunizuia siku ile, alisikia nilipoanza kutaja kijiji, na akaona aibu kukatiza onyesho mbele ya watu. Nilimwambia mzigo huu si wake. Hakukubali. Tumegawana, naona, wala haujapungua.

Kuna mji mwingine wanaliomba onyesho. Wenzangu wanataka kwenda. Wameuliza kama nitakwenda. Nimesema hapana. Sisemi ni kosa kulifanya. Yule mama wa ming'oko alilia kwa sababu naye alikuwa na jina la mtu wake moyoni, nina hakika. Lakini mimi siwezi tena kukaa kwenye mkeka ule nikapigiwa makofi.

Kaniki yangu nimempa Fatu.

Jumapili, 14 Septemba

Asubuhi ya mawingu. Umeme umekatika, hivyo sikushona. Mama amezoea chumba, ameniambia dirisha hili linaleta upepo mzuri. Kidonda cha nyuma ya sikio kimekauka. Nywele zake zimeota nyeupe tupu.

Tulikaa uani tunamenya mihogo. Alianza kuongea bila kuulizwa. Kwamba Bibi Somoe alikuwa hodari wa kusuka ukili, vidole vyake vilikwenda hata akiwa amesinzia. Kwamba hakupenda chumvi nyingi. Kwamba alimpokea Mama siku ya kwanza ya ndoa kwa kumwoshea miguu mwenyewe, jambo ambalo mama wakwe wengine hawakulifanya.

Nilikuwa sijawahi kusikia hata moja. Sikumkatiza.

Kisha akasema Bibi alikuwa anaogopa maji. Hata kisimani alikuwa akisimama mbali, anamwomba mwenzake amchotee. Siku ile ya mtoni Mama alikwenda nao, alisimama nyuma ya watu. Alimwona akipandishwa mtumbwi. Bibi alishika kingo kwa mikono miwili, huku na huku, akajikunja. Watu walisema hakugeuka kuwaangalia kwa sababu ya kiburi.

"Hakuwa na kiburi," Mama akasema. "Alikuwa anaangalia maji."

Akachukua mhogo mwingine. Tulimenya mpaka sufuria ikajaa.