Nimeelewa, Mama

Nyumba ya Bati Jekundu,
Nyuma ya Kiwanda cha Chapa.
Jumapili, tarehe 9 Februari.

Mpendwa binti wa dada yangu,

Marahaba ya shikamoo uliyoniletea kwa simu juzi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mgongo umepungua kukuuma, na wale unaowafanyia kazi wamekupa angalau siku moja ya kuketi. Sisi huku tunapumua. Mama yako anameza dawa zake, ingawa kwa kununa, na kila akimeza ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyezitengeneza. Miguu yangu bado inanifikisha dukani na kunirudisha, nami siidai zaidi ya hapo.

Nimeamua kuandika badala ya kupiga kwa sababu simu ya nyumba hii ni moja, na anayeishika muda mwingi ni mwanao. Niliyo nayo sitaki ayasikie. Barua inaletwa na mwenzako, yule mpishi aliyekuja likizo. Ameniapia kwamba itafika mkononi mwako kabla ya siku ya kutia saini mkataba mpya. Isome ukiwa umekaa.

Matokeo ya mtihani wa kuingia sekondari yametoka. Chiriku hakupata nafasi. Atarudia darasa. Nimeliandika hivyo, wazi, kwa sababu halina namna nyingine ya kuandikwa.

Najua unachowaza sasa hivi. Ulituambia kwamba akifaulu, utamaliza mkataba huu na kurudi. Akishindwa, utaongeza miaka mingine miwili ili tumlipie tuisheni ya mwalimu wake wa darasa. Kwa hiyo utaona kwamba jambo limekwisha kuamuliwa na matokeo. Nakusihi usiamue mpaka ufike mwisho wa barua.

Habari ya tuisheni unaijua nusu. Mwalimu yule anaanza somo asubuhi darasani, na akifika penye ugumu anafunika kitabu. Penye ugumu pote panafundishwa jioni, nyumbani kwake, kwa waliolipa. Kesho yake anaendelea mbele. Mtoto akinyoosha mkono kuuliza, anajibiwa, "Hiyo tuliimaliza jana." Chiriku alijibiwa hivyo mara kadhaa, kisha akaacha kunyoosha mkono. Katika benchi lake wako watatu, wote wazazi wao wako nje wakifanya kazi za watu. Mmoja akitoka shule anapika na kuogesha wadogo zake. Huyo hata angelipiwa asingeweza kwenda.

Nilikwenda kwa mwalimu mkuu, nimevaa koti langu la kazini, kwa kuwa nilisikia kuna nafasi chache za tuisheni ya bure kwa watoto wasiojiweza. Alinikaribisha vizuri mpaka aliposikia mtoto ni wa nani.

"Mzee wangu, mtoto ana mama ng'ambo, halafu unakuja kuomba nafasi ya wasiojiweza? Watu watatucheka."

"Mama yake anafua nguo za watu, mwalimu."

"Ndiyo, lakini anazifua ng'ambo."

Wote waliokuwa ofisini walicheka, na mimi nikachukua kofia yangu. Kwa wenye shule mtoto huyu ni tajiri, na kwa wenye tuisheni ni maskini, na mahali pa kusimama hapati. Sikukwambia wakati ule. Ulikuwa na yako ya kutosha.

Ndipo ukaanza kufanya ulilofanya. Wallahi, nimeishi miaka mingi, na sijaona mzazi aliyejikaza namna ile. Mtoto wa bosi wako anafundishwa na mwalimu wa nyumbani, na wewe unapiga pasi chumba hichohicho. Mwalimu yule hajui kwamba ana wanafunzi wawili. Unashika somo kichwani, na akishaondoka unamsimulia mwanao kwa ujumbe wa sauti, huku pasi ikiendelea, hatua kwa hatua, kugawanya sehemu, kutafuta eneo, yote. Na mwishoni kila mara unauliza, "Umeelewa, mwanangu?"

Kila siku, baada ya vyombo kuoshwa, tulimsikia nyuma ya pazia akiusikiliza ujumbe wako, kisha akijibu kwa sauti, "Nimeelewa, mama." Mama yako akanipiga kikumbo kwa furaha. Fundi cherehani wa jirani, ambaye unamjua hawezi kunyamaza, alisema mtoto huyu ataishia kuwa waziri na sisi tutakuwa tunapanga foleni kumwona. Na tukakuandikia wewe: anaelewa, endelea.

Siku ya matokeo nilikwenda naye. Karatasi zilikuwa zimebandikwa ukutani na wazazi wamejazana. Nilisoma kutoka juu hadi chini, nikarudi juu tena, kama nilivyokuwa nikisahihisha kurasa kiwandani nikitumaini kosa ni la mpangaji wa herufi. Halikuwa kosa la mtu. Njiani nilitafuta maneno ya kumpoza. Yeye ndiye aliyetangulia kusema.

"Babu, basi mama ataendelea kunitumia masomo?"

Nikasema ndiyo, nadhani ataendelea.

Akashusha pumzi. Mpwa wangu, nimemtazama mtoto huyu tangu ulipomwacha kwetu baada ya mumeo kufariki, na uso ule naujua. Ulikuwa uso wa mtu aliyepona. Sisemi kwamba alijifelisha. Hana ujanja huo. Lakini alikuwa ameingia kwenye chumba cha mtihani akiamini kwamba akifaulu, sauti yako itakoma.

Jioni ile nilikaa naye kitandani kwake, nikamwomba anisikilizishe somo moja, lolote analolipenda, kisha anieleze. Akachagua lile la kugawanya sehemu. Hesabu si fani yangu, lakini hata mimi nilikuelewa: geuza ya pili, kisha zidisha. Unafundisha vizuri kuliko yule anayelipwa. Nikamwambia, haya, nieleze.

Akafumba macho. Akaniambia: hapa mama anamwagia shati maji kidogo. Hapa pasi imegusa kifungo. Hapa kameza mate, koo linamuuma, siku ile alikuwa na mafua. Hapa kuna mtoto anaita. Kisha akayatamka maneno ya mtoto wa bosi wako, kwa lugha ya huko, kwa deko lilelile, neno kwa neno.

Nikamuuliza maana yake nini.

"Sijui, babu. Nadhani anataka afungwe viatu. Kila akisema hivyo sauti ya mama inashuka chini, halafu inapanda."

"Na sehemu? Zinagawanywaje?"

Akafungua macho, akanitazama kama niliyemuuliza habari za nyumba nyingine. "Hapo sikuwa nasikiliza hizo."

"Ulikuwa unasikiliza nini?"

"Namsikiliza mama, babu."

"Na mbona unasema umeelewa?"

"Ananiuliza, babu. Nimwambieje?"

Nilitoka uani, nikafunga bomba la maji ambalo lilikuwa limekwisha kufungwa.

Simlaumu mtoto, na wewe usimlaumu. Wala usijilaumu, nakukataza, na ujue nikikataza jambo sina mchezo. Ulimpelekea ulichoweza kukipeleka. Yeye akachukua kilichompungukia.

Kuna mengine madogo. Bati la jikoni halivuji tena. Mdogo wako dereva alipita na lori, akapanda juu na kuligongelea mwenyewe, kisha akala chakula cha watu wawili na kuondoka bila kuaga vizuri, kama kawaida yake. Kiwandani bado wananiita siku mojamoja kusahihisha kalenda na kadi za harusi. Vijana wao wanaandika kama wanaofukuzwa, kwa hiyo kazi ninayo. Chiriku, tuliyempa jina hilo kwa kuropoka kwake, sasa hazungumzi mezani mpaka aulizwe.

Sasa nirudi kwenye mkataba.

Nimezungumza na mama yako kabla ya kushika kalamu. Nilimweleza waziwazi kwamba ukirudi hakutakuwa na tuisheni, na dawa za duka la dawa huenda zikatushinda. Nilidhani atalia. Alisema, "Mwandikie arudi. Mimi na maumivu yangu tumeshazoeana, hatugombani." Kisha akageukia ukutani. Kwa hiyo haya si maneno yangu peke yangu.

Sitakudanganya kwamba huku kuna kazi inayokusubiri. Hakuna. Utafua nguo za watu wa mtaa huu, na watakuuliza umeleta nini, na utakapojibu hukuleta kitu watakusengenya kisimani. Mwalimu yule ataendelea kufunika kitabu penye ugumu. Pengine Chiriku atashindwa tena, kwa maana mwaka mzima umempita bila yeye kuwamo, na mimi siwezi kukuahidi alama zozote. Nimeandika na kufuta aya hii mara nyingi nikitafuta ahadi ya kukupa, nikakosa.

Lakini ukitia saini, tutamlipia mwalimu, ataketi kwenye kiti cha waliolipa, na atakapoulizwa kama ameelewa atasema ameelewa, kwa sababu ndivyo alivyojifunza kumjibu mtu aliye mbali ili asije akakata simu. Na miaka miwili ikiisha atakuwa msichana mkubwa, anayeijua pasi yako kwa mlio na asiyeujua uso wako unavyokuwa asubuhi.

Usitie saini, mwanangu. Kama ni kushindwa tena, ashindwe wewe ukiwa umekaa kitandani kwake, aseme mbele yako, "Sijaelewa," nawe umwanzie upya.

Msalimie mpishi, na umshukuru kwa mguu wake. Wasalimie wenzako mnaolala chumba kimoja. Waambie yupo mzee huku anayewaombea bila kuwajua. Mama yako anakusalimu sana. Mdogo wako dereva anakusalimu, ingawa ilibidi nimkumbushe. Fundi cherehani anasema gauni lako la bluu bado analitunza na hajalikodisha kwa mtu, jambo ambalo sina hakika nalo. Salamu za Chiriku sinazo. Hajui kwamba ninaandika, na wakati huu yuko nyuma ya pazia na simu.

Mungu akulinde kwenye ngazi za nyumba za watu, akulainishie moyo wa bosi wako siku utakapoomba ruhusa ya kuondoka, na njia ya kurudi aifanye fupi kuliko ile ya kwenda.

Wako akupendaye, na anayekusubiri,
Mjomba.