Aliyenifundisha Kuweka Koili

Mjukuu wangu Wanjiru,

Nakusalimu kutoka Nyeri. Babu yako amepona kikohozi, na kahawa imechanua. Waniuliza ni nani aliyenifundisha kuweka koili ya kupanga uzazi.

Nilikuwa muuguzi kijana huko Karatina, miaka michache baada ya uhuru. Alikuja mama wa watoto wanane akitaka koili. Daktari alikuwa amemwonya kwamba mimba nyingine ingemuua. Nilimwambia, kama tulivyozoea sote ili tuwe na hakika kwamba mtu hana mimba, "Rudi ukiwa katika hedhi." Akaondoka.

Mkunga mkuu aliyekuja kutufunza, tuliyemwita Sista, alinitazama. "Na akishika mimba kabla ya siku hiyo, utambebea wewe?"

"Ndiyo desturi yetu, Sista."

"Desturi haizai, binti. Mfuate! Muulize maswali, ukiridhika kwamba hana mimba, mwekee leo."

Nilikimbia, nikampata langoni akijitwika mzigo wake.

"Umenifukuza, sasa wanifuata?"

Nilimwomba radhi. Akacheka, akarudi, na mikono yangu ikajifunza kwake, Sista akinielekeza.

Ninamshukuru Sista kwa ukali wake. Ninamshukuru zaidi mama yule, aliyekubali kuguswa na mtu aliyemfukuza.

Mungu akulinde masomoni,
Nyanya yako