Mama na Ndege ya Istanbul

Swaumu, leo nimeumbuka mbele ya bosi.

Si unajua kazi yangu pale shirikani ni kupanga ndege ipi iende wapi? Nimeingia kikaoni kwa simu nikiwa huku nyumbani Korogwe. Tunabishana kuhusu ndege kubwa ya Istanbul, inaenda kila siku na siku nyingi viti vitupu. Mama yuko pembeni anapukuchua mahindi. Mimi najua nimezima sauti yangu.

Mama akasema, "Kwani lile lori kubwa, Fuso, si tunalipeleka Mpale siku ya gulio tu, soko likijaa watu? Siku nyingine lori dogo, Kenta, linatosha."

Kumbe sauti iko wazi, kikao kizima kimemsikia.

Bosi: "Nani huyo?"

"Mama yangu. Samahani, mzee."

Unajua alifanyaje? "Shikamoo mama." Na wakurugenzi wote wakafuata, shikamoo mama, shikamoo mama. Mama anaitikia mmoja mmoja, marahaba mwanangu, na mahindi yanaendelea.

Bosi akauliza, "Sasa siku nyingine hilo Fuso lilale?"

"Lilale kwa nini? Kuna magulio mengine."

Wamepitisha, Swaumu. Ndege kubwa itaenda Istanbul siku mbili wanazosafiri wafanyabiashara, siku nyingine itaenda Jeddah, na Istanbul ipelekwe ndogo.

Mama hajawahi kupanda ndege. Ananiuliza kikao cha kesho kinaanza saa ngapi.