Magoti Yamegoma, Wanangu Wananiaga

Mpendwa Mshauri, nisaidie kabla wanangu hawajanizika.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa miaka sitini na minane, naishi na virusi vya UKIMWI tangu mume wangu alipofariki, vidonge sijawahi kuviacha, na kliniki husema virusi vimefubaa hata havionekani kwenye kipimo. Nilitoka Kalenga nikahamia Ubaruku kwa mwanangu Shedrack, na tatizo langu, naliandika kwa aibu, ni choo chao cha kuchuchumaa, kwa kuwa magoti yangu yakishuka hayapandi, na siku moja nilikwama humo nimeshikilia ukuta hadi jasho likanitoka, nikaona heri nipunguze maji na chakula ili nisiende mara kwa mara. Mkwe wangu Goodness, mke wa Shedrack, hunibembeleza, "Mama, kula basi, hata matonge mawili," nami humjibu nimeshiba, kwani mkwe nitamwelezaje habari za choo? Nimekonda, nikaanguka uani, na Jumapili nilishtuka kuona sebule imejaa wazee wa kanisa, binti yangu Roza amefika kutoka Iyunga akilia, mchungaji ananiuliza kama nina neno la kuwaachia watoto, na Shedrack ananong'ona, "Ugonjwa umemshinda mama." Nilifumba macho kwa aibu, wakaimba! Roza ameapa haondoki hadi "mambo yaishe". Nifanyeje?

Faustina, Ubaruku

Mwalimu Faustina,

Barua yako imenitoa kitini. Umewaacha watu wazima wakuimbie ukiwa hai kwa ajili ya tundu la choo? Miaka yote uliwafundisha watoto wanyooshe mkono wakibanwa, leo wewe umenyamaza!

Pole, aibu hiyo naielewa. Lakini kujinyima maji kunaumiza figo, na kujinyima chakula kunamaliza nguvu za hayo hayo magoti. Shedrack naye aache kuona virusi katika kila udhaifu wa mamaye. Kliniki wanapima damu yako. Habari za magoti na kuanguka hawatazijua usipozitaja. Zitaje, udai na mazoezi ya miguu.

Seremala achonge kiti imara chenye tundu, kikae juu ya shimo, na ukutani apigilie ubao wa kushikilia. Kumwita seremala ni kazi ya Shedrack, na atakayemwambia ni Roza.

Kwa hiyo mwite Roza chumbani, funga mlango, umweleze yote. Akicheka, cheka naye. Kisha akuletee uji na kikombe cha maji, uvimalize mbele yake.