Anayenijibu Kila Jumamosi

Kwako Njeri, binti yangu na mama yangu,

Watakaosoma hii barua wasishangae. Ulipewa jina la marehemu mamangu, na kwetu hiyo inatosha: mimi nakuita maitu, yaani mama, na wewe tangu ulipojua kuongea unaniita mwanangu. Hata mbele ya watu hapa mtaani Landless. "Mwanangu, umekula?" Wanacheka, na wewe hata hutabasamu.

Unakumbuka ile siku daktari wa Thika alisema goti langu limelika, eti ni arthritis, nipunguze mwili? Nililia kwa ngazi za hospitali. Ukanitafutia yule nesi wa Ruiru anayefundisha watu wa magoti kwa simu: ugali kidogo, mboga nyingi, kukaa na kusimama kwa kiti mpaka mapaja yapate nguvu. Akasema kila mtu awe na mtu wake wa kumtumia picha ya mzani kila Jumamosi. Ukasema ni wewe, hata ukienda Gulf, kule Uarabuni, kufanya kazi ya nyumba. Ukaenda, na hukuniacha. Nikituma picha, sauti yako inafika kabla chai ichemke: "Wee mwanangu, toa viatu! Kwani viatu pia vina arthritis?"

Halafu sauti ikaisha. Yakaanza kuja maandishi tu. "Hongera mama. Endelea hivyo."

Mama. Nilisoma hilo neno nikalisoma tena. Nikipiga, simu yako inalia mpaka inakata. Nikiandika, "Njeri, uko sawa?" hakuna kitu. Lakini picha ya mzani haikosi jibu. Na ajenti aliyekupeleka ananiambia, "Mama, si anakujibu? Basi ako salama. Wacha presha."

Jumamosi iliyopita nilivaa gambuti, nikabeba ndoo ya maji, nikapanda mzani hivyo hivyo, gambuti zikionekana kwa picha. Namba ilikuwa imepanda hata mtoto angeona. Wewe ungenichapa na maneno mpaka jirani asikie. Jibu lilikuja mara moja.

"Hongera mama, umepungua."

Nilikaa chini na ile ndoo. Njeri, ni nani ameshika simu yako? Na anaogopa nini, nikiacha kufurahi?

Nilimwambia nesi. Akasema niandike, isomwe na watu wengi, pengine ifikie msichana mmoja wa kwetu aliye huko, ambaye amekuona. Ndiyo hii.

Goti ni zuri siku hizi, ujue. Zile ngazi za ofisi ya ajenti nazipanda bila kushika ukuta, na Jumatatu nitazipanda tena, na Jumanne, mpaka achoke na uso wangu. Haya magoti ni wewe ulinipa. Yatakutafuta.

Leo ni Jumamosi na sikupanda mzani. Niliweka simu mezani nikaanza kukuandikia, chai ikapoa. Sasa hivi simu imewaka yenyewe.

"Mama, leo hujapima?"

Sijajibu. Nangoja uniite mwanangu.

Ni mimi mwanao,
niliyekuzaa.